Mgaragu Bila Ng'ombe

Wadogo zangu wa stoo ya chanjo,

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, ndoo yenye mfuniko, na keki ambayo mtu mwenye meno kama yangu haitafuni bila kwanza kuomba dua. Nawashukuru. Lakini siku hiyo mlisema jambo nikacheka pamoja nanyi, na nilipofika nyumbani kicheko kikanikwama kooni pamoja na keki. Yule mwenzenu wa miwani alishika kipaza sauti akasema, "Mimi hapa ni chawa wa Mkuu, na sina aibu! Uchawa siku hizi ni fani!" Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Mkuu wenu akatabasamu kama mtu aliyekunwa mgongo. Halafu mwingine akanigeukia: "Mama Stela, miaka yote hiyo hujagombana na bosi hata mmoja. Tupe siri basi. Au na wewe ni chawa mstaafu?"

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Sasa imeshuka, najibu.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walitamani safari, semina, Dodoma, Arusha; mimi nilitamani saa tisa ifike nikaone kuku wangu. Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho mama yangu alikificha vizuri kuliko nilivyokificha mimi. Nimefanya kazi Kibondo, nimefanya kazi Kasulu, nikarudi Kibondo, nikarudi tena Kasulu. Nitakayoyaeleza yalitokea katika mji mmojawapo, na sitasema upi. Watu wa Kibondo watadhani ni Kasulu, na watu wa Kasulu watafurahi sana kudhani ni Kibondo. Majina nayo nimeyabadilisha, isipokuwa langu.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Bihole. Alikuwa Muha wa milimani, mfupi, sweta moja mwaka mzima, na ndiye aliyekuwa mtunza chanjo kabla nyinyi nyote hamjazaliwa. Stoo yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye friji la mafuta ya taa. Mzee alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akilala kifudifudi sakafuni anakisukuma chini ya friji ili auone moto. Moto wa buluu, sawa. Moto wa njano, utambi unataka kukatwa. Siku ya kwanza alinilaza na mimi pale chini na sketi yangu mpya ya kazini.

"Unaona nini, binti?"

"Moto, Mzee."

"Hata mbuzi anaona moto. Rangi gani?"

Nje ya friji ilining'inia chati ya joto, na kalamu imefungwa kwa kamba ili isitembee. Asubuhi unasoma kipimajoto, unaandika. Jioni unasoma, unaandika. Jumapili pia, Krismasi pia, Idi pia, maana friji halina dini. Joto likae kati ya nyuzi mbili na nane. Mzee Bihole alikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa kwenye mwongozo wowote: kabla ya kuandika alisoma kwa sauti. Hata akiwa peke yake chumbani. "Sita!" Kisha anaandika sita. Nilimuuliza anamsomea nani. Akaniambia, "Mkono unaweza kudanganya kimyakimya. Mdomo ukidanganya, sikio lako linasikia."

Nilimcheka. Jioni nilimwiga mbele ya mume wangu, "Sita! Saba! Tano!" tukacheka wote wawili.

Alinifundisha pia jambo ambalo nyinyi mmelisoma chuoni, lakini mimi nalikumbuka kwa vidole. Kuna chanjo zinazoharibiwa na joto, na kuna zinazoharibiwa na baridi. Ile ya sindano ya pajani, inayomkinga mtoto na kifaduro, dondakoo na pepopunda, ikiganda imekwisha. Ubaya wake ni kwamba ikiyeyuka inafanana na nzima. Hainuki, haibadiliki rangi, lebo inabaki safi. Dawa yake ni kutikisa. Kichupa kizima ukikitikisa kinakuwa kama maji ya mchele na kinabaki hivyo muda mrefu. Kilichowahi kuganda ukikitua mezani, chembe zinaanza kushuka chini kama mchanga kwenye glasi ya maji ya mto. Mzee aligandisha kimoja kwa makusudi, akakiweka karibu na kizima, tukakaa tunavitazama kama watu wanaosubiri yai lianguliwe.

Sasa nije kwenye maneno, maana ndiyo mliyoniuliza. Kila zama na jina lake. Mimi shuleni nilifundishwa kibaraka, mtu wa mkoloni, nikadhani walikwisha pamoja na mkoloni. Kazini nikakuta mpambe, anayetembea hatua moja nyuma ya mkubwa na kumrekebishia kola. Manesi walisema kupe, na huku kwenye ng'ombe hakuna asiyemjua kupe. Madereva walisema mbeba mkoba. Nilipopeleka chanjo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mhudumu mmoja Mkongo alimwona mtu wetu akimfungulia mkubwa chupa ya maji, akaninong'oneza, "Mama, hata kwenu muko na baswivisti? Banafwata tu, hata chef akienda chooni banafwata." Na sasa nyinyi mna chawa, na mmeligeuza jina la sifa. Hilo ndilo jipya. Sisi angalau tulitukanana.

Mzee Bihole hakutumia hata moja kati ya hayo. Yeye alikuwa na neno la Kiha, umugaragu. Zamani, mtu asiye na ng'ombe alikwenda kwa mwenye ng'ombe, akapewa mmoja, na tangu siku hiyo akawa wake: anamlimia, anamjengea ua, anabeba mizigo yake, anaitika akiitwa. Alipomwona mtu ofisini anacheka kabla bosi hajamaliza utani, alitikisa kichwa na kusema, "Umugaragu alau alipewa ng'ombe. Huyu kapewa nini?" Tulikuwa tukicheza mchezo huo, mimi na yeye. Huyu kapewa nini? Huyu, kiti cha mbele kwenye gari. Yule, soda. Nilikuwa hodari sana wa kutambua ng'ombe wa wenzangu.

Miaka ikapita. Friji la mafuta ya taa likaondoka, likaja la gesi lenye kitufe cha kuzungusha, moja hadi saba. Tukaletewa Mkuu mpya kutoka mkoa wa mbali. Namwita Mkuu tu. Hakuwa mkali. Alipenda usafi, aliuliza habari za watoto wetu, na alipenda mambo yaliyonyooka. Alikuja na tabia ya kutembelea kila chumba, na nyuma yake alitembea dereva wetu, Filbert, na mkoba. Filbert hakuajiriwa kubeba mkoba. Alijiajiri.

Mkuu akaiona chati.

"Hii ni nini?"

"Chati ya joto, Mkuu," nikasema.

"Chati naiona. Nauliza, mbona mstari unapanda na kushuka kama barabara ya Manyovu?"

Filbert akacheka. Wa pili kucheka nilikuwa mimi. Haikuwa inachekesha kiasi hicho.

Mzee Bihole hakucheka. "Friji linapumua, Mkuu. Mlango ukifunguliwa linapanda. Asubuhi za Juni zenye baridi linashuka. Mstari ukinyooka kabisa, ujue friji limekufa, au anayeandika."

"Mzee, wageni wa mkoani hawaji hapa kuangalia friji likipumua."

Filbert akacheka tena. Mwezi haukuisha, Mzee akahamishiwa getini kuandika magari yanayoingia na kutoka, eti umri umesogea, apumzike. Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Mkuu aliuliza, "Kuna mwenye maoni?" Nikaangalia kucha zangu. Jumatatu iliyofuata nikakaa kwenye kiti chake, na kilikuwa bado kimebonyea umbo lake.

Mstari ukanyooka. Sikuamriwa. Naomba mlielewe hili vizuri, kwa sababu mnadhani uchawa ni kuamriwa. Mwanzoni nilisoma tano nikaandika nne, maana tano na nne ni majirani. Kisha saba ikawa nne. Sikusoma tena kwa sauti. Mkuu akapita, akatazama, akasema, "Mama Stela, sasa hii ni kazi," na nikaenda nyumbani siku hiyo nikiwa mrefu kuliko nilivyozaliwa.

Filbert ndiye aliyeniongoza hatua ya pili. Alinikuta Ijumaa moja nalalamika kwamba kesho lazima nipande kilima chote kuja kusoma kipimajoto kimoja na kurudi.

"Mama Stela, kwani kesho itasoma ngapi?"

"Nitajuaje?"

"Jana ngapi?"

"Nne."

"Juzi?"

"Nne."

"Sasa si uandike tu? Mkuu mwenyewe anakuhurumia, kasema yule mama anachoka. Malizia hadi Jumatatu, ukapumzike."

Nikamalizia hadi Jumatatu. Tangu Ijumaa hiyo nilipata Jumamosi zangu na Jumapili zangu. Kwa mtu kama mimi, wadogo zangu, hakuna cheo kinachofikia hapo. Na huo mchezo wa huyu kapewa nini, nikaacha kuucheza.

Ikafika Juni ambayo sitaisahau. Mzigo wa chanjo wa robo mwaka ulikuwa umeingia, friji limejaa. Wageni wakubwa walitarajiwa Jumanne. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Wakati fulani katika wiki hiyo Mkuu alionja soda kwenye kikao akasema, "Soda za huku zina joto kama chai." Alisema hivyo tu, akaendelea na ajenda.

Ijumaa mchana Filbert akaja na kreti mbili.

"Nipe ufunguo wa stoo, mama."

"Wa nini?"

"Soda za wageni. Zikae humo hadi Jumanne."

"Filbert, hili ni friji la chanjo."

"Kwani soda zitazichanja? Unataka Mkuu aaibike?"

"Mkuu amesema?"

Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto mzito. "Mkuu hasemi vitu vidogo. Vitu vidogo tunavisema sisi."

Ningeweza kukataa. Ningeweza pia kusema nitaziweka mwenyewe na kuja kila siku kuangalia. Lakini hiyo ilikuwa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, kilima chote, mara sita. Nikampa ufunguo. Kisha nikavuta kalamu yenye kamba nikaandika nne, nne, nne, nne, nne, nne, nikaenda nyumbani.

Ilikuwa wikiendi nzuri. Nilichambua maharage kibarazani, nikaziba paa la banda la kuku, nikamsuka Stela, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita. Nayataja haya ili mjue nililipwa nini.

Jumanne asubuhi nilifungua friji na chupa moja ya soda ilikuwa imepasuka, barafu imetokeza kama jino. Kitufe kilikuwa kwenye saba. Filbert alikizungusha hadi mwisho ili soda zikaze. Kipimajoto kilisoma sita chini ya sifuri. Trei ya chini ya chanjo ilikuwa imeshikana na ukuta wa friji. Niliichomoa kwa kisu.

Filbert akaingia kuchukua soda. "Aisee, zimekaza!" Alifurahi kweli kweli. Alizibeba kama mtu anayembeba mtoto kwenda kubatizwa.

Gari la kusambaza chanjo kwenye zahanati lilikuwa liondoke saa nne. Nilikuwa na saa mbili. Nikachukua vichupa viwili nikavifumbata viganjani hadi vikayeyuka, nikatelemka getini kwa Mzee Bihole. Tangu ahamishwe nilikuwa nikipita pale nikimsalimia haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua.

"Mwakeye, Mzee. Nisaidie kutikisa hivi."

Akavitazama. "Uliona barafu?"

"Niliona."

"Sasa tunapima nini?"

"Labda hazikuganda zote, Mzee."

Akavitikisa, akaviweka juu ya daftari la geti. Hatukusubiri sana. Chembe zikashuka, taratibu, chini zikatulia, juu yakabaki maji.

"Zimekufa, Yustina." Alikuwa ndiye pekee kazini aliyeniita jina langu. "Panda juu ukaseme. Gari halijatoka. Watoto wakisubiri wiki mbili tatu mzigo mwingine uje, hakuna kitakachoharibika. Utagombezwa, basi."

Ilikuwa hivyo tu. Kugombezwa.

Nikapanda. Ofisi ya Mkuu ilikuwa imejaa wageni, soda baridi mikononi, na chati yangu imetolewa stooni imewekwa mezani katikati yao, imevalishwa plastiki. Mgeni mmoja alikuwa anasema hajawahi kuona chati kama hiyo mkoa mzima. Mkuu aliponiona uso ukamng'aa.

"Ndiye huyu! Mama Stela mwenyewe! Mama, friji letu linasoma ngapi leo asubuhi?"

Aliuliza. Nataka niwe mwadilifu kwa Mkuu, hata kama nimechelewa. Aliniuliza mbele ya mashahidi, na jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nikamwona Filbert kwenye kona ameshika kifungua chupa, ananitazama kwa macho ya mtu anayeomba. Nikaona viatu vya wageni. Nikafikiri kwamba nikisema, watauliza Jumamosi nilikuwa wapi.

"Nne, Mkuu."

Walipiga makofi madogo, yale ya ofisini.

Saa nne gari lilikuwa getini, Filbert kwenye usukani, mimi kando yake, masanduku ya buluu nyuma. Mzee Bihole hakuinua kizuizi. Alikuja dirishani kwangu.

"Mzigo gani?"

"Chanjo, mzee, si unajua?" Filbert akasema.

"Namuuliza aliyepakia."

Sikuweza kumtazama. "Fungua, Mzee. Mkuu amesema."

Mkuu hakuwa amesema. Nililiazima jina lake kama Filbert alivyokuwa akiliazima, na likanikaa vizuri, kana kwamba nimelivaa miaka. Mzee akarudi kwenye daftari lake. Nilimwona midomo ikicheza. Alikuwa anasoma kwa sauti anachokiandika. Kioo cha gari kilikuwa kimefungwa, sikusikia. Kisha kizuizi kikapanda.

Kabla mwaka haujaisha kifaduro kilifika, kwanza kijiji kimoja cha juu, upande wa kuelekea mpakani. Mliopita chuoni mmesikia kikohozi chake kwenye mafunzo. Mimi nilikisikia kwenye kifua cha mtoto aitwaye Riziki, wa miezi sita, mgongoni mwa mama yake, Skolastika. Anakohoa, anakohoa, anakohoa hadi anakuwa wa zambarau, halafu ananyamaza, na katika kule kunyamaza watu wote chumbani wanaacha kupumua mpaka yeye avute. Tulipelekwa timu nzima kuchunguza. Mara ya mwisho hakuvuta.

Hakuwa peke yake kijijini hapo. Lakini huyo ndiye aliyekufa nikiwepo.

Skolastika alikuja kwangu siku ya tatu na kadi ya kliniki. Alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni dhidi ya mvua. Akaifungua, akaweka kidole kwenye tiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Dada, wewe ni mtaalamu. Nionyeshe nilikosa wapi. Kuna siku niliyoruka?"

"Hukuruka."

"Nilichelewa?"

"Hukuchelewa."

"Basi ni nini?"

Nikasema uchunguzi unaendelea. Hiyo nayo ni sentensi ambayo wadogo zangu mnaijua.

Uchunguzi ulipofika stooni ulikuta mstari ulionyooka. Nne mwezi mzima, hata siku za sikukuu. Wakaniuliza, "Mama Stela, hapa palikuwa salama?" Nikanyoosha mkono kuelekea chati, sikufungua mdomo. Kosa likashuka kilima likaenda kwenye zahanati, kwa nesi Mwajuma, binti wa Ujiji, ambaye iliandikwa kwamba huenda aliacha sanduku juani. Mwajuma alilia, akaapa, akaondolewa. Kabla hajapanda basi alikuja kuniaga, kwa sababu mimi nilikuwa rafiki yake. Alinipa jozi ya kandambili mpya. Filbert alikwenda akamnunulia maji ya safarini. Wala hakuwa mtu mbaya, Filbert. Mkuu aliyekuja yule alipohama alikuta tayari mkoba wake una mbebaji.

Nikaendelea na kazi. Nikaanza tena kusoma kipimajoto kwa sauti, na mstari ukaanza kupanda na kushuka, na wakuu waliofuata wakauliza mbona, nami nikawaambia friji linapumua. Mlinisifu kwa hilo siku ya kuniaga, mkasema Mama Stela alikuwa na msimamo. Ulikuwa msimamo wa mtu aliyekwishaanguka.

Mzee Bihole alistaafu, akaugua, nikaenda kumwona kwake. Hakunilaumu. Alimwambia mkewe alete kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa daftari la geti, lile lililojaa miaka hiyo. "Ofisini walitaka kuwashia moto," akasema. "Lako hilo." Nilifungua ukurasa wa Jumanne ile. Namba ya gari, saa ya kutoka, dereva. Kwenye safu ya mzigo ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: chanjo zilizoganda. Kwenye safu ya aliyeruhusu: Yustina, kwa jina la Mkuu.

Katika idara nzima, mwaka ule, daftari lililosema kweli lilikuwa la geti. Nililiweka kwenye sanduku chini ya vitenge, na likakaa humo mpaka mlipokata keki.

Wiki iliyofuata nililichukua nikalipeleka kwa Mkuu wenu wa sasa pamoja na maelezo yangu niliyosaini. Nilimkuta yule mwenzenu wa miwani anamfungulia mlango. Nakala niliituma Ujiji kwa Mwajuma. Hajajibu, na sidhani kama namdai jibu. Kisha nikapanda bodaboda hadi inapoishia barabara, nikamalizia kilima kwa miguu.

Skolastika alikuwa uani anamenya mihogo. Nywele zake zimeingia mvi. Alinijua kabla sijafika kwenye mlango wa ua.

"Wewe ni yule dada wa masanduku ya buluu."

Hakuniletea kigoda mpaka nilipomaliza. Nilimweleza yote, soda, kitufe, wageni, geti. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kuruka. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye "Nne, Mkuu," kisu kikasimama.

"Walikupa nini?"

"Sikupewa kitu, dada."

"Mtu hafanyi hivyo bure. Abagaragu wa babu zetu walipewa ng'ombe."

Nilikuwa nimelisikia swali hilo mara nyingi maishani, tukiwacheka wengine.

"Nilipewa Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi?"

"Na Jumapili. Nisitoke nyumbani kuja kusoma friji."

Akautua mhogo uliomenywa nusu.

"Mimi nilitoka," akasema. "Mara tatu. Kwa miguu, na yeye mgongoni."

Akainuka akaingia ndani. Nilidhani amemaliza nami, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Akarudi na kigoda, na juu ya kigoda mfuko wa nailoni, ule ule au mwingine. Akaitoa kadi, akainyoosha juu ya goti. Tiki tatu zilikuwa zimefifia lakini zipo.

"Miaka yote mama mkwe aliniambia nilimchelewesha mtoto. Amekufa akisema hivyo. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo.

"Andika hapo."

Mwandiko wangu mnaujua. Niliandika pembeni mwa tiki, kutoka juu hadi chini, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo: Chanjo hizi ziliganda stooni kabla hazijafika. Mama huyu alikuja siku zote tatu. Aliyejua na kunyamaza ni mimi. Nikaweka jina na sahihi.

Akaipokea, akaigeuza huku na huku. Akanirudishia.

"Soma. Kwa sauti."

Nikasoma.

Akamwita wifi yake aliyekuwa anatwanga nyuma ya nyumba, na mzee wa jirani aliyekuwa akipita na jembe. Walipokwisha kusimama mlangoni mwa ua, akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.